Ukuta wa Upande wa Lanet

Wodi ya Kifua, Nairobi
4 Machi 1957

Kwako Hadiya, mke wangu na mpinzani wangu,

Kabla hujauliza: nakula, nalala, na sindano nimeanza kuzizoea. Daktari anasema kifua changu kinatibika ila kinataka subira, nawe wajua subira sikujaliwa. Kwa hiyo nimeona ile kazi ya nyumba ianze bila kuningoja.

Miaka kumi na tano nimewaendeshea watu mashine ya sinema pale mjini, nikichungulia kwenye kitundu cha ukuta, na wewe mwenyewe hujaona hata sinema moja. Mle ndani hakuna pa kukaa mwanamke wa stara. Unazozijua ni zile nilizokusimulia jikoni, ukanibishia hata mambo ambayo hukuyaona. Sasa ile mashine ndogo niliyoachiwa na Mzungu wa Ndabibi alipofunga shamba akarudi kwao imelala chini ya kitanda chetu inakula vumbi. Paa la nyumba aliyotuachia marehemu baba linavuja, lazima litengenezwe. Basi tukiwa tunatengeneza, tuongeze chumba nyuma, kisicho na dirisha, kiwe cha sinema. Ukae humo na wanawake wenzako wa Bondeni, mtazame, mbishane mpaka mchoke.

Urefu uwe mikono kumi na miwili, upana mikono minane. Usizidishe, maana baada ya hapo, upande wa Lanet, ndipo pa baraza. Daktari ameniambia waziwazi kwamba nikitoka nisilale ndani ya nyumba. Kitanda changu kiwe nje, penye hewa na jua la asubuhi. Bila baraza hawaniruhusu kurudi.

Darweshi atakutafutia mafundi. Kuwasimamia ni kazi yako, maana ndugu yangu huyo akisimamia kitu husinzia. Zungumza nao nyuma ya pazia la ukumbini, wakusikie wasikuone, kama marehemu mama alivyokuwa akizungumza na wauza maziwa. Na usije huku. Wodi hii haitaki wageni, na kifua huambukiza.

Wako anayetamani hata kelele zako,
Miraji


Bondeni, Nakuru
19 Machi 1957

Mume wangu Miraji,

Salamu zikufikie ukiwa umemaliza chakula, si umeificha nyama chini ya mto. Nakujua.

Kwanza turekebishe uongo wako. Hukunisimulia sinema hata moja mpaka mwisho. Ulikuwa ukisimulia nusu, kisha unalala, na mimi ninabaki na watu wamening'inia kwenye genge mpaka kesho. Ndiyo maana nilikuwa nabisha.

Mafundi wamekuja watatu. Fundi wa mawe ni Obura, mtu mrefu anayeinama kila mlango, mpole, hujibu “ndiyo mama” hata nikimuuliza “kwa nini?” Seremala ni Kemboi, aliyefunzwa kazi misheni, hashiki nyundo kabla ya kusali. Wa umeme ni Kalasinga mmoja wa mjini, huja na baiskeli na hasira. Mimi niko nyuma ya pazia tangu asubuhi, nimewekewa kigoda. Sasa nawajua kwa vishindo vyao. Kemboi akipiga randa vizuri husikii kitu, akikosea hukohoa.

Vita ya kwanza tumeshapigana. Obura alipiga plasta ukuta mmoja wa ndani, akaulainisha mpaka akausifu mwenyewe. Kesho yake Kalasinga akaja na nyaya zake, akaanza kuuchimba kwa patasi. Nikamsikia Obura akisema kwa sauti ya mtu aliyefiwa, “Mama, huyu anaharibu kazi yangu.” Kalasinga naye, “Mimi sema ngoja, yeye ngoja hapana.” Nimeweka sheria: hakuna anayegusa ukuta kabla ya kuuliza pazia. Wamecheka lakini wamefuata.

Mlango wa Kemboi una mbao pande mbili, katikati ameshindilia magunia ya mkonge ili sauti isitoke. Askari wawili walipita wakataka kujua chumba kisicho na dirisha ni cha kuficha nani, siku hizi za hali ya hatari. Darweshi akawaeleza habari za sinema. Hawakuamini mpaka alipowaonyesha mashine, wakaondoka wakiulizia siku ya kufungua.

Vipimo vyako nimewapa kama ulivyoandika. Nami nikilala naliona baraza, nakuona umekaa hapo unanipigia kelele kwamba chai haina tangawizi. Rudi upesi.

Hadiya wako


Wodi ya Kifua, Nairobi
31 Machi 1957

Hadiya,

Barua yako nimemsomea jirani yangu wa kitanda cha pili, mwalimu Kipkorir wa Eldama Ravine, akacheka mpaka muuguzi akamkemea. Sasa kila asubuhi ananiuliza, “Pazia limesema nini?” Ni mtu mwema. Ubaya wake anakubali kila ninalosema, hakuna raha ya kuzungumza naye.

Mwambie Obura ukuta wa mbele, utakaoangukiwa na mwanga wa mashine, aupake chokaa nyeupe tupu, mara tatu, usiwe na hata alama ya kidole. Na Kemboi ainue sakafu ya nyuma kidogo, ili mwanamke mnene akikaa mbele wa nyuma asionewe. Simtaji mtu. Mpe salamu jirani yetu Ladan.

Wiki ijayo wananipima kifua upya. Baraza liwe tayari. Nikitoka hapa sitaki kungoja simiti ikauke.

Miraji


Bondeni, Nakuru
17 Aprili 1957

Mume wangu,

Nimeharibu kitu, lakini nitakitengeneza, kwa hiyo soma mpaka mwisho kabla ya kukasirika.

Ulisema mikono kumi na miwili, nami nikamwambia Obura mikono kumi na miwili. Mimi nilikuwa nahesabu kwa mkono kama wangu, toka kiwiko hadi ncha ya kidole, kama tunavyopima ukili wa mkeka. Sasa mimi niko nyuma ya pazia, ningemtolea fundi mkono aupime? Naye ni mtu wa adabu, hakuthubutu kuuliza. Akapima kwa mkono wake. Na mkono wa Obura, Miraji, ni mkono na nusu.

Ukuta umeshasimama, umefika kwenye linta, usawa wa juu ya mlango. Chumba kimekuwa kirefu kama msikiti na kimelimeza baraza lote. Upande wa Lanet hapakubaki hata pa kuweka kigoda, ukuta unagusana na uzio wa jirani. Nilipomuuliza akasema, “Mama, mimi nilipima na mkono yangu. Yako sikuwa naona.”

Nimeamua tuuvunje ule ukuta wa mwisho, turudi ndani mpaka kipimo changu, na baraza lako lipatikane. Mawe yatatumika tena. Mafundi wananuna ila watafanya. Niambie tu kwamba umesikia, nianze. Sikulala vizuri tangu nilipojua. Nafikiri daktari atakupa ruhusa halafu ukose pa kulala kwa ajili ya mkono wa mtu mwingine.

Na majibu ya kifua? Hukuyaandika.

Hadiya


Wodi ya Kifua, Nairobi
29 Aprili 1957

Hadiya,

Usiuvunje ukuta.

Nimefikiri sana. Mkono wa Obura una akili kuliko wangu. Picha inataka urefu, chumba kikiwa kifupi inatoka ndogo kama stempu, na mtu wa mbele anaumwa shingo. Kumbe mimi ndiye niliyekosea kipimo tangu mwanzo. Acha ukuta ulipo, waambie waezeke, wamalize. Nataka kazi iishe upesi, kabla ya mvua kuharibu mbao.

Habari ya baraza usijisumbue nayo. Kitanda ni kitanda, kitapata pa kukaa.

Jambo jingine. Kuanzia sasa niandikie kwa herufi za Kizungu, si za Kiarabu. Ulifunzwa na kaka yako lakini umeziacha, na mtu mwenye mafundi watatu lazima aweze kuandika risiti na kusoma mkataba. Fanya mazoezi na mimi.

Kifua kinaendelea.

Miraji


Bondeni, Nakuru
8 Mei 1957

Mume wangu,

Hizi ndizo herufi zako za Kizungu. Zinatembea kama kuku aliyekanyaga wino, lakini utazisoma, kwa sababu ninachotaka kukuuliza ni kifupi. Hutaki kurudi?

Mwezi wa tatu uliniambia bila baraza huruhusiwi nyumbani. Mwezi wa nne unaniambia nisijisumbue na baraza. Mimi si mjinga, Miraji. Nimekaa nikatafuta nimekukosea wapi, na nimepata jambo moja tu, basi nalisema mwenyewe kabla hujaletewa na watu. Nilitoka nje ya pazia. Siku ile ya ukuta, Obura aliposema yako sikuwa naona, niliona aibu kwamba nyumba yangu inajengwa vibaya na mimi nimekaa kwenye kigoda nasikiliza vishindo. Nilijifunga buibui, nikaacha uso wazi, nikatoka, nikawanyooshea mkono wangu mbele yao wote watatu. Nikasema huu ndio mkono, pimeni ukuta. Kemboi aliangalia chini. Kalasinga akatoa futi yake mfukoni akanipa, akasema, “Mama shika hii, hii haina mkono ya mtu.” Tangu hapo nasimama nao kila siku.

Kama hilo ndilo limekuudhi, sema. Nitarudi nyuma ya pazia mpaka nife. Lakini usiniadhibu kwa kukaa huko. Usinijengee chumba cha kujifurahisha halafu uninyime wewe mwenyewe. Mimi sinema sikukuomba. Nilichokuomba ni urudi.

Nakuja kukuona. Usinikataze tena.

Hadiya


Bondeni, Nakuru
15 Mei 1957

Kaka Miraji,

Nakuandikia kwa heshima na kwa uchungu. Shemeji ameuvunja ukuta, pamoja na kwamba nilimwonyesha barua yako na amri yako. Alisimama juani na futi mkononi, uso wazi, akawahesabia mafundi kila jiwe. Msikitini watu wananiangalia. Nilipomwambia anarudi nyuma ya pazia ama nafukuza mafundi, alinijibu kwamba nikiwafukuza ataponda kokoto mwenyewe.

Baraza sasa lipo, limesakafiwa. Kitanda amekitoa, kinakaa pale mchana kutwa bila mtu, na chandarua.

Kaka, mwambie ukweli. Daktari alinieleza mimi kwenye simu nawe ukanifunga mdomo. Mimi siwezi kukiangalia kitanda kile.

Mdogo wako,
Darweshi


Wodi ya Kifua, Nairobi
27 Mei 1957

Mke wangu Hadiya,

Mkono umevimba kwa sindano, kwa hiyo mwalimu Kipkorir ananiandikia haya ninayosema.

Nimesikia umeuvunja ukuta. Umefanya vizuri. Ulikuwa na haki tangu mwanzo na mimi nilikuwa mkaidi. Na habari ya pazia pia umefanya vizuri, nyumba inasimamiwa kwa macho. Nimemwandikia Darweshi asikuguse kwa neno.

Kitanda kiweke unavyoona wewe inafaa. Chai uifanye unavyopenda. Nikipata nafuu nitakuja mvua zikiisha, na nitalala barazani kama unavyotaka.

Umenishinda, Hadiya.

Miraji


Bondeni, Nakuru
3 Juni 1957

Miraji,

Nilipoisoma barua yako nilikaa chini kwenye saruji, mafundi wakaniletea maji.

Tangu unioe hujanikubalia hata kwamba chumvi imezidi. Siku ya harusi yetu ulibishana na shehe kuhusu njia fupi ya kwenda msikitini. Ulipokuwa na homa ukaweweseka, uliweweseka ukibisha. Leo unanikubalia kila kitu katika karatasi moja, kisha unaniandikia nimekushinda, kwa sauti ya mtu anayewaaga wageni. Basi nimejua. Wangenitumia daktari na mashahidi nisingeamini kama nilivyoamini hilo neno lako moja.

Kwa hiyo ukuta haukuwa habari ya picha kutoka ndogo. Ulitaka nipate chumba kikubwa kwa sababu baraza halikuwa na mwenyewe. Na mimi nikakuuliza kama hutaki kurudi. Mungu anisamehe, nilikuuliza hivyo wewe.

Sasa nisikilize. Simtaki huyu mtu mpole aliyeandika barua hii. Nirudishie wangu. Nigombeze. Niambie nimeuharibu ukuta, niambie baraza liko upande mbaya, niambie sina akili ya ujenzi wala ya chai. Mwalimu Kipkorir, kama wewe ndiye unayemsomea, na sasa najua kwa nini alitaka herufi hizi, msomee hapa mara mbili: nigombeze, Miraji, nami nitakujibu, na ukiwa unangoja jibu langu huwezi kwenda popote.

Darweshi, aliyenizuia safari mwezi mzima, ananileta Jumamosi. Amekubali bila kubisha. Nyote mmekuwa watu wa kukubali, naogopa.

Hadiya


Wodi ya Kifua, Nairobi
14 Juni 1957

Kwa Mama Hadiya,

Pole, mama. Pole sana. Najua Bwana Darweshi alikufikishia habari Alhamisi ile ile ya msiba, na kwamba mazishi yalifanyika hapa Nairobi Ijumaa, kwa desturi yenu, kabla ya Jumamosi yako kufika. Mimi sikuruhusiwa kutoka wodini. Nilisimama dirishani mpaka gari ikapotea.

Naandika kwa sababu kuna neno lako. Barua yako ilifika Jumatano. Nilimsomea yote, na ile sehemu nikasoma mara mbili kama ulivyotaka. Alifunga macho nikafikiri amechoka. Halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka akakohoa, muuguzi akaja. Alipopata pumzi akaniambia niandike, akanishika mkono nisikimbie kutafuta kalamu. Nikayashika maneno kichwani. Alisema hivi:

“Mwambie amekosea. Upande wa Lanet asubuhi ni baridi, mtu mgonjwa atakufa hapo kabla ya chai. Mwambie chumba kimekuwa kifupi, atanikumbuka watu wakianza kusukumana. Aurudishe ukuta. Na asinibishie.”

Nikamuuliza, bwana, hii ni kweli ama ni mzaha? Akasema, “Wewe mwalimu, yeye atajua.”

Ndiyo maneno marefu ya mwisho aliyosema. Asubuhi yake alikunywa chai nusu kikombe akalala, hakuamka.

Mama, nikueleze pia hili usije ukabaki ukijiuliza. Majibu ya kifua alipewa wiki ya pili ya Aprili. Mapafu yote mawili. Nilimwomba akwambie. Akasema ukijua utaacha mafundi na kuja kukaa hapa kwenye vumbi la kikohozi, na kazi haitaisha, na atakuwa amekuacha bila chumba na bila mume. Nilikubaliana naye. Alinikasirikia kwa kukubali, akageukia ukutani. Sasa naelewa alitaka mtu wa kumkataza.

Mungu akushike.
Kipkorir


Bondeni, Nakuru
3 Novemba 1957

Mwalimu Kipkorir,

Eda yangu imekwisha, ndiyo sababu nimechelewa kukujibu. Nilikaa ndani kama inavyotakiwa. Kemboi alimalizia dari nikiwa bado edani, nami nikarudi nyuma ya lile pazia kumsikiliza. Alikohoa mara moja tu.

Namshukuru Mungu kwamba umetoka wodini na kwamba watoto wa shule wamekupokea. Jihadhari na baridi ya huko kwenu.

Jumapili iliyopita tulifungua chumba. Alikuja Ladan na wanawake wa mtaa mzima, na watoto wao. Fundi wetu Kalasinga aliunganisha mashine, akatoka nje akafunga mlango nyuma yake, hakuchungulia. Ile sinema ni ya Wazungu wanaolima mahali penye theluji, hatukuelewa neno. Nikawaeleza kisa kama Miraji angelieleza, nusu nikibuni. Ladan akasema si hivyo, yule ni shemeji si mume. Wakabishana mpaka mwisho, wakatoka wakibishana barabarani. Alikuwa amenijengea kitu kizuri. Nililia baadaye, si mbele yao.

Walikuwa wamesukumana kwa nafasi, kama alivyosema. Obura alikuwepo nje, akaniuliza kama sasa aurudishe ukuta ule, kwa kuwa wosia wa marehemu umejulikana. Darweshi naye anasema hivyo, kwa upole sana. Nimewakatalia. Ukuta utabaki nilipouweka, na baraza litabaki.

Asubuhi huwa nakaa pale, pembeni ya kitanda, na chai yangu. Ni baridi, mwalimu. Hilo alikuwa na haki, ila sitalisema kwa mtu mwingine. Namweleza kwa nini nilikuwa sawa: jua linapanda moja kwa moja toka Lanet, hewa inapita, vumbi la ziwani halifiki. Zamani angenikata kauli kwenye neno la pili. Siku hizi nasema yangu yote mpaka mwisho, hakuna anayenikatiza, na kila siku nashinda mimi.

Hadiya, mke wa Miraji